Miaka 46 na marathon chini ya masaa matatu: jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, nimesoma mada yako pamoja na majibu yote yaliyofuata. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana miaka 46, kazi yake ni ya ofisini Dar, anaamka saa kumi alfajiri kwenda kukimbia. Muda wake bora wa marathon (kilomita 42) ni 3:41, yaani masaa matatu na dakika 41, na ameapa kwamba kabla hajafikisha 50 ataingia chini ya 3:00. Kisigino kinamuuma, anameza diklofenaki (dawa ya maumivu) kabla ya mbio ndefu, shemeji, yaani mkewe, amenuna, na anauliza akomae au aachane nayo. Wachangiaji karibu wote wamemwambia akomae, hakuna kisichowezekana.

Mimi naona kwenye riadha kisichowezekana kipo, na kinapimika. Saa haina undugu na mtu.

Tuanze na hesabu. Chini ya 3:00 maana yake ni kukimbia kila kilomita kwa dakika 4 na sekunde 15 hivi, bila kupumzika, mpaka zifike 42. Wewe 3:41 yako ni kama dakika 5 na sekunde 14 kwa kilomita. Unahitaji kukata karibu dakika nzima kwenye kila kilomita. Mtu mwenye uwezo huo kwa kawaida anamaliza kilomita 10 chini ya dakika 40, na nusu marathon (kilomita 21) kwenye 1:25 au 1:26. Umesema nusu yako bora ni 1:46, na inalingana kabisa na 3:41 yako. Kwa hiyo hushindwi mwishoni kwa kukosa moyo, kama alivyodai mchangiaji mmoja hapo juu. Unakimbia vizuri sana kwa mwili ulio nao.

Kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia, sehemu kubwa unazaliwa nacho. Mazoezi yanakiongeza, ila hayaongezi sawa kwa watu wote, na yanafika mahali yanagota. Umri nao unakuja kuchukua chake: mapigo ya juu kabisa ya moyo yanashuka mwaka hadi mwaka, hata ukimbie kila siku. Wenye mbio zao wanalijua hili. Marathon ya Boston kule Marekani, ambako wengi hawaingii mpaka wawe na muda unaokubalika, mwanaume wa miaka 18 hadi 34 anadaiwa 2:55, wa 45 hadi 49 anadaiwa 3:15, na wa 60 hadi 64 anadaiwa 3:50. Na wanaofikia viwango hivyo ni wakimbiaji wazuri waliochujwa. Wewe umejiwekea deni la kijana.

Sasa nikueleze nilikopita mimi. Nimezaliwa Mbulu. Ukikulia kule, ukashinda mbio za shule, ukashinda na ngazi ya mkoa, jina lako linaisha, unaitwa Mwanariadha. Nikapelekwa kambini Arusha, mbio zangu mita 10,000. Nilifanya kila kitu kilichofanywa na wenzangu: ugali uleule, kilima kilekile saa kumi na mbili asubuhi, usingizi wa mchana, hakuna pombe, hakuna kutoroka kwenda mjini. Msimu wa kwanza muda wangu uliteremka vizuri sana. Wa pili ukateremka kidogo. Baada ya hapo nikakaa kwenye dakika 30 na ushee, nikaganda. Kwa mtu wa mtaani muda huo ni wa kutisha. Kwa anayetaka kwenda kushindana nje, unapigwa raundi.

Kocha wetu alikuwa na kaunta buku. Kila mtu ana kurasa zake, tarehe upande wa kushoto, muda upande wa kulia, kwa kalamu ya bluu, na siku za mvua wino ulikuwa umesambaa. Jioni moja akaniita, akafungua kurasa zangu, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Namba zimelala: sekunde tatu huku, tano kule, zinarudi palepale. Kisha akafungua za dogo mmoja aliyekuja kutoka Hanang na raba za kuazima, muda mfupi tu nyuma. Zake zilikuwa bado zinaporomoka. Nikaanza kumwambia nitaongeza bidii, nitaongeza kilomita. Akanikatiza: "Ningekuona unazembea ningekwambia uongeze. Sijaona unapozembea. Ndiyo maana nimekuita."

Kauli hiyo ilinikaa muda mrefu. Aliyekuwa anadokoa mazoezi bado ana pa kuongezea. Mimi nilikuwa nimemaliza kila kitu, kilichobaki kilikuwa ni mimi mwenyewe. Sitakudanganya kwamba niliondoka pale nikiwa mwepesi wa moyo. Nilikaa miezi sitaki hata kuona mtu anakimbia barabarani.

Na kilichokuwa kigumu kuliko miguu ni watu. Nyumbani walichanga nauli. Mjomba alikuwa ameshatangaza kwamba nitakwenda Ulaya nirudi na trekta. Kila Krismasi swali lilikuwa moja, na jibu langu likawa "bado bado". Mwaka nilioamua kusema ukweli nilimkuta uani anachambua mahindi. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba. Ulaya siendi. Wapo wanaonizidi, na sio kidogo." Akaendelea kuchambua kwa muda, halafu akaniuliza kama naweza kumfundisha binamu yangu hesabu maana mtihani umekaribia. Basi. Nilikuwa nimebeba hofu ya siku ile kwa miaka, kumbe mzee alikuwa na mambo yake. Leo mimi ni mwalimu, na jioni nawafundisha wanafunzi mbio. Nakimbia mwenyewe wikendi na klabu ya mtaani, na kilomita 21 zangu zinanitosha.

Nalileta hili kwa sababu umeandika kwamba uliwatangazia wafanyakazi wenzako mbele ya bosi na sasa wanakuulizia kila Jumatatu. Mkuu, nahisi robo tatu ya lile deni la 3:00 ni hao, hata mbio zenyewe hazimo. Hawakufuatilii kiasi unachofikiri.

Kuna waliokutajia Akhwari. John Stephen Akhwari ni wa kwetu Mbulu, ninamheshimu kuliko wengi wanaomtaja. Marathon ya Olimpiki, Mexico City 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, akaanguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akamaliza wa mwisho baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia kuwa ameshapoa. Watu wanaishia hapo. Muda aliomaliza nao siku hiyo, akichechemea, ulikuwa 3:25:27. Yaani akiwa na goti bovu alikuwa dakika kumi na tano mbele ya ubora wako. Simaanishi kukukejeli. Namaanisha usimchukue mtu wa kiwango kile ukafanya ushahidi kwamba wewe nawe ukikomaa unatoboa. Ushujaa wake ulikuwa wa kumaliza, na kumaliza wewe unakuweza tayari.

Mwingine akaleta Simbu. Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu, kweli alisubiri: shaba ya marathon kwenye ubingwa wa dunia London 2017, dhahabu Tokyo Septemba 2025, na dhahabu yenyewe iliamuliwa kwa picha ya mstarini, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote 2:09:48. Nilikuwa macho usiku ule, nikapiga kelele mpaka majirani wakawasha taa. Lakini tazama muda wake wa London: 2:09:51. Miaka minane kabla alikuwa tayari ni mtu wa 2:09 kwenye mbio za ubingwa. Uvumilivu wake ulikuwa wa kutafuta sekunde ndani ya uwezo alioujua. Wewe unatafuta dakika 41.

Na Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathon wa zamani, je? Boston 1988, 1989, 1990, mara zote wa pili, na ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde moja tu. Boston hakuishinda kamwe. Akashinda New York 1989 kwa 2:08:01. Sijawahi kusikia mtu Tanzania akimwita aliyeshindwa.

Sasa yako. Sisemi 3:41 ndiyo mpaka wako, hapo ndipo natofautiana na mchangiaji aliyekushauri uache mbio uhamie kwenye mchezo wa draft. Umeandika mwenyewe kwamba unalala saa tano usiku na kuamka saa kumi, jioni unakaa kwenye foleni ya Mwenge, na mbio ndefu unazikimbia zote kwa kasi ya mashindano. Hapo pana pa kuongezea. Lala. Mbio ndefu kimbia polepole kiasi cha kuweza kupiga stori. Ukifanya hivyo msimu mmoja mzima, 3:30 naiona. Ikija chini ya hapo tutashangilia. 3:00 siioni, na ningekuwa kocha wako ningekufungulia kaunta buku nikuonyeshe.

Pia acha kulinganisha mbio zisizolingana. Ulilalamika kwamba Kilimanjaro Marathon ulitoka na muda mbovu. Pale Moshi nusu ya pili unapandishwa Mweka, kilomita baada ya kilomita, migomba kushoto na kulia, watoto wanakimbia na wewe wakiwa na ndala na wanakuacha, jua la mwishoni mwa Februari linakuchoma kisogo. Muda wa pale unaulinganisha na wako wa pale mwaka uliopita, basi. Ukiuweka pembeni ya muda wa mtu aliyekimbia Berlin kwenye lami tambarare na baridi, unajiumiza bure.

Kisigino sasa. Kama kinauma zaidi unapokanyaga sakafu asubuhi halafu kinalegea ukitembea, usikikimbilie. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mwambie unakimbia kilomita ngapi kwa wiki bila kupunguza. Na hizo diklofenaki kabla ya mbio ndefu acha leo. Kwenye joto la Dar, mwili umekauka maji, dawa za aina hiyo ni mzigo kwa figo, tena zinaficha maumivu ambayo yanajaribu kukusimamisha. Hapo ndipo ile "komaa mkuu" inapomfikisha mtu hospitali.

Shemeji mwambie 3:00 umeifuta. Mwambie leo, kabla hujamwambia mtu wa ofisini, maana yeye ndiye aliyekuwa anailipia kwa Jumapili zake.

Na wale wanaotaka kuja kunibishia kuhusu umri na imani, karibuni. Ila kila mmoja aanze na muda wake wa kilomita kumi.