Vidonda vya mdomo baada ya Septrin juu ya methotrexate

SWALI: Shikamoo daktari. Tuko Nansio, Ukerewe. Mama ana baridi yabisi ya viungo, na kila Jumatatu humeza methotrexate, vidonge sita vya mg 2.5. Wiki iliyopita alipewa Septrin kwa sababu ya mkojo kuchoma. Sasa ana vidonda mdomoni na fizi zinavuja damu. Ini limeharibika?

JIBU: Marahaba. Kwa dalili hizo naogopa uboho kuliko ini.

Methotrexate ni dawa ya saratani, hata ikitolewa kwa dozi ndogo ya viungo. Huzuia seli kutumia foleti (vitamini inayohitajika seli zigawanyike), na zinazogawanyika haraka ndizo huumia kwanza: utando wa mdomo, na uboho unaotengeneza damu. Septrin nayo inabana foleti hiyohiyo, tena inazuia figo kuitoa methotrexate. Fizi kuvuja ni ishara kwamba huenda chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka.

Aache zote mbili. Msingoje feri ya kwenda Mwanza, nendeni leo hospitali ya wilaya hapo Nansio, apimwe FBP (hesabu ya chembe za damu), kreatinini (figo) na ALT (ini). Joto likifika nyuzi 38 ni dharura, hata kama anaongea na kula. Kinachookoa ni asidi ya foliniki, yaani leukovorini, si foliki ile ya wajawazito. Foliki inahitaji kimeng'enya kilekile ambacho methotrexate imekifunga, foliniki inakiruka. Mwulizeni daktari mapema kuhusu rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, maana huenda akahitaji kuongezewa damu.

Kisha chukueni bahasha ya dawa mhesabu vidonge vilivyobaki. Ikiandikwa “6x1” tu, mtu husoma sita kila siku, na kosa hilo huua. Iandikwe “vidonge 6 kwa WIKI, Jumatatu”.

Ini huumia taratibu, kwa miaka, na haraka zaidi kwa mnywaji wa gongo au mwenye hepatitis B (kipimo chake hufanywa kabla ya kidonge cha kwanza). ALT hupanda kidogo siku moja au mbili baada ya dozi, kwa hiyo mmezaji wa Jumatatu apime Ijumaa au Jumamosi. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, dozi inasimamishwa. Akirudishiwa dawa, vipimo ni kila wiki mbili hadi dozi itulie, na foliki mg 5 mara moja kwa wiki, siku tofauti na methotrexate. Akiharisha sana, asimeze kabla ya kumwona daktari: figo zikikauka, dawa hubaki mwilini.

Na mkojo ukichoma tena, mtajieni mfamasia methotrexate kabla hajafungua kopo lolote.