Mashine ya gemu ya mezani: pesa iweke mkononi, si kwenye ubongo

Tangu niandike hapa kuhusu kujitengenezea mashine ya gemu ya mezani, yaani sanduku la mbao lenye skrini, joistiki na vitufe, na ndani yake kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye ukubwa wa kadi ya benki, maswali hayajakoma. Nimechagua yanayojirudia. Mengine nimeyafupisha, na waliouliza jambo moja nimewaweka pamoja.

Nina Raspberry Pi 3 iliyobaki baada ya mradi wa chuo. Niitumie, au nijipange ninunue Pi 5? (Mwanafunzi, Mbeya)

Itumie. Mashine ya Pac-Man ya mwaka 1980 iliendeshwa na prosesa ya Z80 yenye kasi ya megahezi 3 hivi. Pi 3 yako ina viini vinne, kila kimoja megahezi 1,200. Ni kweli kwamba kuiga chipu za zamani kwa programu, yaani emuleta, kunakula nguvu kuliko unavyodhani, lakini gemu karibu zote za miaka ya 1980 na nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990, Street Fighter II ikiwemo, zinakwenda humo bila kukwama. Pi 4 inaanza kuwa na maana pale unapotaka gemu za konsoli za Dreamcast au Nintendo 64.

Pi 5 ina nguvu, sikatai. Ila haina tundu la spika la milimita 3.5, na inataka umeme mwingi zaidi. Tena RetroPie 4.8, mfumo wa kuendeshea gemu ambao wengi wetu tulianzia, ilitoka mwaka 2022 kabla Pi 5 haijaingia sokoni, kwa hiyo ukiwa na Pi 5 ni rahisi zaidi kuanza na mifumo mingine kama Batocera au Recalbox.

Pesa uliyotaka kununulia Pi 5, nunulia joistiki na vitufe vya maana. Nitalisema hili mpaka mnichoke. Anayekuja kucheza hajui ndani kuna Pi ipi, ila akishika joistiki ya hovyo anajua papo hapo.

Kijana wangu anacheza Pac-Man kwenye mashine tuliyoitengeneza pamoja, lakini kwenye kona anapitiliza au anakwama. Tumebadilisha emuleta, hakuna nafuu. (Baba, Nakuru)

Emuleta haina kosa, mzee wangu. Joistiki nyingi zinazouzwa ni za njia nane: juu, chini, kushoto, kulia, na pembe nne zilizo katikati yake. Mashine ya Pac-Man yenyewe ilikuwa na joistiki ya njia nne tu. Kijana anasukuma juu huku mkono umeegemea kulia kidogo, swichi mbili zinabonyea kwa wakati mmoja, gemu inapokea amri mbili na kufuata moja. Mara nyingi siyo ile aliyoikusudia, na mzimu unamla.

Ifungue joistiki ubavu wa chini uangalie. Kuna kisahani cha plastiki chenye tundu la mraba ambamo mti wa joistiki unacheza. Kwenye aina nyingi kisahani hicho kinatoka, na ukikigeuza nyuzi 45 mraba unasimama kwa ncha, zile pembe nne zinazibwa, joistiki inabaki na njia nne. Ni kazi ya bisibisi na subira kidogo. Kama yako haigeuki, tafuta ile iliyoandikwa kuwa inabadilika kati ya njia nne na nane kabla hujaagiza nyingine.

Tatizo linakuja baadaye. Siku kijana akitaka Street Fighter II, joistiki ya njia nne haimfai hata kidogo, kwa sababu ile robo duara ya kurusha moto inapita kwenye pembe. Hakuna joistiki moja inayoridhisha pande zote mbili bila kugeuzwageuzwa. Kwa sanduku dogo la mchezaji mmoja, mimi ningefunga ya njia nne, ningejaza gemu za miaka ya mwanzo, na za kupigana ningezichezea kwa pedi ya USB. Wapo watakaonipinga, na ugomvi huo ni wa zamani kuliko Raspberry Pi.

Hapo hapo amueni na idadi ya vitufe. Pac-Man haina kitufe hata kimoja cha kuchezea. Donkey Kong ya 1981 ina kimoja cha kuruka. Gemu za mashine za Neo Geo zinataka vinne, Street Fighter II sita. Ubao mdogo uliojazwa vitufe kumi na viwili unamchanganya mgeni tu.

Mimi ni seremala. Mteja ameniletea MDF (ubao wa unga wa mbao) ya milimita 18 na vifaa vyake. Nimefunga, lakini joistiki imebaki fupi na vitufe havishiki. Ubao ndio mbaya? (Fundi, Tanga)

Ubao mzuri, fundi, ila umekaa mahali pasipo pake. Ya milimita 18 ifanye kuta za pembeni, ambazo zinatakiwa kuwa nzito ili sanduku lisiteleze mtoto akikolea. Ubao wa vitufe unataka wembamba: plaiwudi ya milimita 6 hadi 9 yatosha. Kama mteja anang'ang'ania MDF ile ile, ichimbe kwa chini mahali joistiki inapokaa mpaka ibaki nyembamba, mti wake utapanda juu.

Vitufe vipo vya aina mbili. Kuna vyenye masikio mawili ya plastiki yanayojibana vyenyewe. Hivyo vimekusudiwa bati au plastiki nyembamba, kwenye mbao nene vinaelea. Na kuna vyenye nati kubwa ya plastiki ya kukaza kwa chini. Wewe unataka vya nati.

Tundu pima kwa venia, usiamini maneno ya muuzaji. Vingi ni milimita 30, vile vidogo vya kuanzishia gemu ni 24, na vya mtindo wa Kimarekani ni 28 na ushee. Toboa kwanza kwenye kipande cha kutupa. Ukifika kwenye ubao wenyewe, bandika tepu juu, toboa mpaka ncha ichungulie upande wa pili, kisha geuza umalizie kutoka huko. Plaiwudi haitachanika.

Mambo mawili ambayo wateja hawayasemi mpaka wameshachukua mzigo. Acha nafasi ya kuegemeza kiganja mbele ya joistiki, maana mkono unaoning'inia unachoka haraka. Na nyuma weka mlango wenye bawaba, usigongelee misumari. Sanduku hili litafunguliwa mara nyingi kuliko kabati la vyombo.

Nimepata monita ya ofisi ya inchi 17, ile inayokaribia mraba, si pana ya kisasa. Itafaa? (Dada, Arusha)

Itafaa kuliko ya kisasa. Gemu hizo zilitengenezwa kwa skrini za uwiano wa 4 kwa 3, na monita yako ya 5 kwa 4 inakaribiana nazo sana. Kwenye skrini pana ya leo ungebaki na mikanda myeusi pande zote mbili. Kama ina tundu la VGA pekee, nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani. Waya mtupu usio na chipu hautatoa picha. Kama ina DVI, waya wa kawaida wa HDMI kwenda DVI unatosha, ila sauti haitapita humo.

Miguu yake itoe. Mgongoni kwa kawaida utakuta matundu manne, ya skrubu za M4, yaliyoachana milimita 75 au 100, hapo ndipo pa kuifungia. Ganda lake usilifungue ili kuokoa nafasi: ndani mna sehemu zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Na ukijua kwamba utacheza zaidi Pac-Man, Galaga au Donkey Kong, ilaze kwa ubavu isimame wima. Zote tatu ziliundwa kwa skrini ndefu kwenda juu.

Gemu inaanza vizuri, baada ya muda inakuwa nzito na sauti inakatakata. Kuna alama ya radi inatokea kwenye kona. (Wawili wameuliza: Kigali na Muscat)

Wa Kigali kwanza. Alama ya radi maana yake umeme unaofika kwenye Pi umeshuka chini ya volti 4.63, na Pi inajipunguzia kasi kujilinda. Unatumia chaji ya simu, naamini. Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5, Pi 4 inataka ampea 3. Chaji iliyoandikwa ampea 2 haifiki huko, na hata yenye namba nzuri inashindwa waya ukiwa mwembamba na mrefu. Badilisha waya kabla ya kitu kingine, ndio rahisi. Usigawie umeme huo huo taa, feni na amplifaya halafu ushangae.

Wa Muscat, wewe umesema alama yako ni ya kipimajoto, si radi, na chumba hakina AC. Hilo ni joto. Pi ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza. Kwenye joto la huko, sanduku lililofungwa pande zote haliwezi kupoa. Toboa safu ya matundu chini nyuma na nyingine juu, hewa ya moto ipande itoke yenyewe. Bandika vipande vya alumini juu ya chipu, ongeza feni ndogo ya volti 5. Feni ielekeze itoe hewa nje, na usiiweke nyuma ya monita, kwa sababu monita nayo inatoa joto lake.

Umeme wetu unakatika bila taarifa. Memori kadi mbili zimeshaharibika. Nifanyeje? (Mama wa vijana wawili, Morogoro)

Pole, dada. Kadi huharibika zaidi umeme ukikatika wakati Pi inaandika kitu ndani yake, na mfumo wa kawaida unaandikaandika muda wote hata kama hamchezi. Yapo mambo matatu, nayataja kwa mpangilio wa faida.

Mkishamaliza kuweka gemu na kupanga kila kitu, washa ulinzi wa kutoandika. Kwenye mipangilio ya mfumo wa Raspberry Pi unaitwa Overlay File System: mabadiliko yote yanakaa kwenye memori ya muda na kufutika mashine ikizimwa. Umeme ukikatika, kadi inabaki kama ilivyokuwa. Hasara yake ni kwamba rekodi za alama nazo zinafutika, na najua vijana watalalamika. Waandikie ubavuni kwa chaki.

Pili, nakilini kadi nzima kwenye kompyuta. Ikifa, mnamwaga nakala kwenye kadi mpya na jioni mnacheza.

Tatu ni kwa ajili ya kuzima kwa heshima wakati umeme upo. Chukua kitufe kimoja, waya wake mmoja uweke pini ya 5 ya Pi na mwingine pini ya 6, kisha ongeza mstari huu kwenye faili la config.txt: dtoverlay=gpio-shutdown. Ukibonyeza, Pi inajifunga vizuri. Ukibonyeza tena inaamka. Hakikisha ni pini ya 5 na ya 6 kweli: pini za 2 na 4 zina volti 5, na pini za ishara hazihimili zaidi ya volti 3.3.

Spika zinanguruma hata gemu ikiwa kimya. (Zanzibar)

Amplifaya yako ndogo inakula umeme kutoka kwenye Pi. Ipe chaji yake peke yake, na kama ngurumo bado ipo weka kitenganishi cha sauti kati yake na Pi. Kama ni ile yenye chipu ya PAM8403, angalia usiwe umeunganisha waya hasi wa spika mbili pamoja. Kila spika iwe na jozi yake.

Nataka kuiweka kwenye kibanda changu, watoto walipe kwa kila mchezo. Na gemu nyingine nilizopewa kwenye flashi zinakataa kufunguka. (Kijana, Mwanza)

Kukataa kufunguka ndiko kwepesi. Mafaili ya gemu hizi hufungamana na toleo la emuleta. Kwa mfano, emuleta ya mame2003 inataka mafaili ya toleo la MAME 0.78, ukiipa ya toleo jingine, nyingine zitafunguka na nyingine zitarudisha menyu bila maelezo. Flashi ya kupewa ni mchanganyiko wa kila toleo, hutaipatia dawa.

Hiyo ya kulipisha, hapana. Gemu hizo zina wenyewe, na umri wake haujazifanya kuwa mali ya umma. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi ya namna hii, na ya Kenya ya 2001 vilevile. Hata emuleta zenyewe, mame2003 na FinalBurn Neo, leseni zake zinakataza biashara. Ziko gemu chache ambazo wenyewe wameruhusu zigawiwe bure, kama Robby Roto ya 1981 inayopatikana kwenye tovuti ya MAME, lakini ruhusa hiyo nayo si ya kibiashara.

Ukitaka kulipisha, weka gemu yako. Sisemi kwa kejeli. Jifunze Pygame, zana ya kutengenezea gemu kwa lugha ya Python, tengeneza kitu cha dala dala na matuta, joistiki moja na kitufe kimoja. Ni kazi ya miezi, si ya wiki. Ila itakuwa yako, na watoto wa mtaani watakwambia bila kukuficha kama inachezeka.

Mdogo wangu kila akitaka kuanza anajikuta ametoka kwenye gemu. (Mombasa)

Kwenye RetroPie, Select ndiyo sarafu na Start ndiyo kuanza, lakini zikibonyezwa pamoja zinatoa mtu nje ya gemu. Mtoto hana subira, anabonyeza vyote. Rudia kusajili vitufe, na lile swali la mwisho kuhusu hotkey, yaani kitufe cha kuchanganya na vingine kutoa amri, usilijibu kwa Select. Lijibu kwa kitufe kidogo utakachokificha nyuma ya sanduku, asipofikia.