Matembezi na vidonge vya presha baada ya kukoma hedhi

Wanawake wenzangu wa hapa Tanga tunaotumia dawa za presha huulizana sana iwapo mtu akizoea kutembea anaweza kuacha vidonge. Mimi ninayeishi na vidonge na matembezi pia nasema kwamba matembezi huisaidia dawa, hayaiondoi, na mwenye idhini ya kupunguza kidonge ni daktari peke yake.

Homoni ya estrojeni inapopungua, mishipa ya damu hukakamaa, ndiyo maana wengi wetu ambao presha haikutusumbua zamani tumeipata baada ya hedhi kukoma. Mazoezi ya kudumu huilegeza mishipa hiyo, na kwa mwenye presha huweza kushusha namba ya juu ya kipimo cha presha kwa takribani 5 hadi 8. Ni faida kubwa, lakini aliyeanza na 170 bado anakihitaji kidonge chake. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho kidogo. Zangu nazipata alfajiri baada ya swala, kwa kushika njia ya Raskazone kabla jua halijawa kali.

Muhimu zaidi ni kujua dawa yako inafanya nini mwilini. Anayetumia dawa ya kukojoza hupoteza maji na madini, na kwa joto letu la pwani, hasa miezi ya kaskazi, anaweza kushikwa na kizunguzungu au kukazwa na misuli; basi amuulize daktari kiasi cha maji kinachomfaa. Atenololi, dawa nyingine ya presha, hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo kuhesabu mapigo hakutakuonyesha kama umejitahidi vya kutosha. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Amlodipini, nayo dawa ya presha, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na uvimbe huo wengi huusingizia matembezi wakayaacha, ilhali walipaswa kumweleza daktari.

Usikatishe mwendo ghafla, kwa kuwa presha hushuka baada ya mazoezi na unaweza kuanguka; malizia polepole. Kabla ya kutoka, kaa kimya dakika 5 kisha upime: ikifika 180 kwa 110, usitembee siku hiyo, wasiliana na kituo cha afya. Maumivu ya kifua ni ya kukimbizwa hospitali mara moja.

Vipimo vyangu naviandika daftarini pamoja na siku nilizotembea, kwani daktari akiviona pamoja ndipo anapoweza kupanga dozi kwa uhakika.