Wasomaji Wauliza: Sweta ya Kutimiza Miaka 50

Barua za safari hii zinafanana. Kuna siku kubwa inayokaribia, kuna kazi, kuna safari ndefu ya matatu, na kuna uzi ulionunuliwa kwa nia njema ambao bado umo ndani ya karatasi yake.

Natimiza miaka 50 mwishoni mwa Julai, na zimebaki wiki 10. Nataka siku hiyo nivae sweta niliyoifuma kwa mikono yangu. Nimeshaahidi pia boshori nne za wapwa zangu na shali ya mama. Naondoka Githurai saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku, siku tano kwa wiki. Nafasi yangu kubwa ni ndani ya matatu, dakika 40 kwenda na 40 kurudi. Nianze na kipi?
*Mama wa Githurai*

Mama, hongera kwa kuifikia 50. Kabla ya kununua uzi, tunakuomba uhesabu vitanzi. Wiki 10 hazina maana hadi ujue kazi yenyewe ina vitanzi vingapi na mkono wako unafuma vingapi kwa dakika. Weka simu ikupimie dakika 10, fuma kwa mwendo wako wa kawaida, kisha hesabu. Mtu aliyezoea hufuma vitanzi 20 hadi 30 kwa dakika. Hapa tutashika 20, kwa sababu matatu hutikisika.

Chukua sweta yenye kifua cha sentimita 100 na urefu wa sentimita 60, kwa uzi wa DK, yaani wa unene wa wastani, na sindano za milimita 4. Uzi huo kwa kawaida hutoa vitanzi 22 na mistari 28 katika kila sentimita 10. Mwili ni vitanzi 220 mara mistari 168, yaani karibu 37,000. Mikono miwili, ukichukua wastani wa vitanzi 65 kwa mstari na urefu wa sentimita 45, inaongeza zaidi ya 16,000. Jumla ni kama vitanzi 53,000, ambavyo ni saa 44 za kufuma.

Sasa tazama muda wako. Katika zile dakika 80 za safari, ukitoa kupanda, kulipa nauli na kushuka, hesabu 50 za kufuma kweli. Kwa siku tano ni saa 4 na dakika 10 kwa wiki. Wiki ya mwisho usiihesabu kabisa, ni ya kushona vipande, kufua na kukausha. Wiki tisa zinakupa saa 37 na nusu. Sweta ya DK haiingii, sembuse boshori nne na shali.

Badilisha unene wa uzi. Uzi mzito kidogo wa kufumwa kwa sindano za milimita 5 hutoa vitanzi 18 na mistari 24 kwa sentimita 10. Sweta ile ile inashuka hadi vitanzi kama 37,500, sawa na saa 31. Umeokoa saa 13 kwa kubadilisha uzi na sindano tu, na umebakiwa na saa sita za kufumua makosa. Makosa yatakuwepo, yapangie nafasi. Nunua gramu 600 hadi 700 kwa mkupuo mmoja, na uhakikishe madonge yote yana namba ile ile ya rangi na ile ile ya “lot” (awamu ya kutiwa rangi) kwenye karatasi. Nyekundu mbili zinazofanana dukani zinaweza kutofautiana waziwazi kifuani ukitoka juani.

Anza na mkono wa sweta, mwili baadaye. Mkono ni mwepesi, unakaa vizuri mapajani hata kwenye matatu ya viti 14, na ndio kipande chako cha majaribio. Ukifika sentimita 12 pima upana. Ukipata vitanzi 20 kwa sentimita 10 mahali pa 18, unafuma kwa kukaza, na kifua cha vitanzi 180 kitatoka sentimita 90. Panda hadi sindano ya milimita 5.5 na uanze upya. Kupoteza jioni mbili sasa ni nafuu kuliko kuligundua jambo hilo Julai. Mikono yote miwili itakula karibu saa 10, yaani wiki mbili na nusu za safari. Mwili ukishakuwa mpana hautavumilika garini, hasa dirisha likifungwa na abiria wa pembeni akikuegemea. Katika matatu fuma sehemu ya mbele na ya nyuma ya mwili kama vipande viwili tofauti, vya vitanzi 90 kila kimoja, kisha uviunganishe nyumbani.

Boshori na shali ziache hadi Agosti. Waambie mapema, tena kwa uwazi. Mama atapenda kupewa shali iliyotulia kuliko kukuona siku yako ya kuzaliwa ukiwa na sindano mkononi na macho mekundu. Shali ya uzi mnene sana, kwa sindano za milimita 8, upana wa vitanzi 50 na urefu wa sentimita 150, ni vitanzi kama 15,000 tu. Utaimaliza kwa wiki tatu za safari.

Nafuma ndani ya matatu lakini kila mara vitanzi vinaponyoka dereva akifunga breki, na nikifika nyumbani sijui nilikuwa mstari wa ngapi wala nilikuwa naelekea wapi. Nimekata tamaa.
*Msomaji wa Rongai*

Sindano ndefu zilizonyooka ndizo zinazokusumbua. Nunua sindano ya mzunguko, ile yenye ncha mbili zilizounganishwa na waya laini, urefu wa sentimita 60 au 80. Inafuma vipande bapa vizuri kabisa: ukimaliza mstari unageuza kazi kama kawaida. Uzito unakaa kwenye waya mapajani badala ya kuning'inia ncha ya sindano, na kiwiko hakimgongi jirani. Ukifika kituoni, sukuma kazi yote hadi katikati ya waya na uchomeke kipande cha kizibo au kifutio cha penseli kwenye kila ncha. Ikiwa vidole vyako hulegea, chagua mianzi badala ya chuma, kwani vitanzi haviterezi ovyo.

Kuhusu mwelekeo, uzi wenyewe utakuambia. Ukikatizwa katikati ya mstari, uzi unaotoka kwenye donge unaning'inia kwenye kitanzi cha mwisho ulichofuma. Sindano yenye kitanzi hicho ndiyo ya mkono wa kulia. Wengi huigeuza bila kujua, wakarudi walikotoka, na hapo ndipo yanapotokea yale mashimo madogo katikati ya kazi yasiyoeleweka.

Mistari usiihesabu kichwani. Weka pini ya usalama kwenye kitanzi kimoja kila baada ya mistari 10, kisha hesabu pini.

Na chagua kazi inayostahimili kelele. Mistari ya vitanzi vya mbele (“knit”) tupu, au mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma (“purl”), inafaa garini. Misokoto na urembo wa matundu ubaki mezani nyumbani, kwa sababu kosa la kitanzi kimoja huonekana mistari minne baadaye na kulirekebisha kwenye foleni ni mateso. Ndiyo maana tunakubali mtu awe na kazi mbili kwa wakati mmoja, moja ya njiani na moja ya nyumbani. Ya tatu hapana. Mshika mbili moja humponyoka, na mwenye tatu huishia kununua zawadi dukani. Kiondo kidogo chenye mdomo mpana ndicho mfuko bora tunaoujua: kinasimama chenyewe miguuni, na donge linazunguka ndani bila kukimbilia chini ya viti.

Mimi ni mlinzi wa usiku Industrial Area. Mama yangu anatimiza miaka 70 na nataka kumfumia boshori nikiwa zamu. Nina uzi mweusi. Nina miaka 46 na siku hizi naona vitanzi kama ukungu. Nifanyeje, na itachukua siku ngapi?
*Kaka wa zamu*

Kaka, heko. Uzi mweusi uweke kando kwanza. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho huwa imekakamaa kiasi kwamba kazi ya karibu huwa ngumu. Mwanga hafifu huzidisha, na weusi huficha mpaka kati ya kitanzi na kitanzi. Chukua rangi ya maziwa, kijivu cheupe au njano ya haradali. Ukilazimika kutumia nyeusi, tandaza kitambaa cheupe mapajani ili mwanga upenye kutoka chini, na uvae tochi ya kichwani. Kapimwe macho pia. Miwani ya kusomea itakusaidia hata nje ya kufuma.

Boshori ya mtu mzima kwa uzi wa DK na sindano ya mzunguko ya milimita 4 yenye urefu wa sentimita 40: anzisha vitanzi 112. Hapo ndipo kosa kubwa huingia. Ukiunganisha mzunguko huku ukingo umejisokota kwenye waya, boshori itatoka imepinda na hakuna dawa ila kufumua yote. Njia salama usiku ni kufuma mistari miwili ya kwanza bapa, kwenda na kurudi, ndipo uunganishe. Ukingo wenye mistari miwili hauwezi kujisokota bila wewe kuuona, na lile pengo dogo utalishona mwishoni kwa mkia wa uzi.

Fuma viwili mbele, viwili nyuma kwa sentimita 5, kisha mbele tupu hadi ufikishe sentimita 17 toka chini. Gawa vitanzi sehemu nane za vitanzi 14 na uweke alama. Sasa unapunguza: mwisho wa kila sehemu fuma vitanzi viwili pamoja, mzunguko mmoja ndiyo, mmoja hapana, mara sita. Utabaki na 64. Kuanzia hapo punguza kila mzunguko hadi vibaki 8. Waya ukishakuwa mrefu kuliko kazi, hamishia kwenye sindano fupi zenye ncha pande zote mbili. Kata uzi, pitisha mkia kwenye vitanzi vyote 8, vuta, funga kwa ndani.

Ni kama vitanzi 6,600, yaani saa tano na nusu. Usizifume usiku mmoja. Kila nusu saa weka kazi chini, nyoosha vidole, zungusha mabega. Ganzi ya vidole ikiendelea hata usipofuma, muone daktari.

Nimesikia watu hununua sweta za mtumba na kuzifumua wapate uzi wa bei nafuu. Nilijaribu moja ya Gikomba nikaishia na vipande vifupi vifupi. Nilikosea wapi?
*Msomaji wa Kariobangi*

Ulinunua sweta iliyokatwa. Kabla ya kulipa, igeuze ndani nje na utazame mshono wa ubavuni. Ukiona nyuzi nyembamba zimezungushwa kama za mashine ya ovaloki na ukingo umekatwa, iache. Hiyo ilikatwa kutoka kitambaa kipana, na kila mstari ni uzi wake. Unayoitaka ina ukingo mzima usiokatwa pande zote mbili, umeunganishwa kwa mnyororo wa uzi unaofunguka ukivutwa. Epuka pia iliyorudi ndogo kwa kufuliwa na maji ya moto. Sufu ikishashikamana haifumuki.

Fungua mishono kwanza, anza kufumua kutoka shingoni ambako kazi iliishia, na uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti. Funga fungu hilo la uzi sehemu nne, loweka dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, tundika na chupa ndogo ya maji kwa chini ili mikunjo inyooke. Ukiruka hatua hiyo, vitanzi vyako vitatoka vimeyumba.

Sweta imekwisha, sherehe ni Jumamosi, leo ni Jumatatu, na shingo haipiti kichwani!
*Mwenye haraka, South B*

Tulia. Ulikaza ulipofunga vitanzi. Tafuta mkia wa uzi shingoni, fumua ule mstari wa kufungia tu, rudisha vitanzi kwenye sindano, na ufunge tena kwa sindano kubwa kwa namba mbili: kama ulifuma kwa milimita 4, funga kwa 5. Ni kazi ya saa moja.

Kisha ifue usiku huu huu. Baridi hii na mawingu haya hukausha sweta nzito kwa siku mbili hadi tatu. Usiikamue kwa kuisokota. Ikunje ndani ya taulo na uikanyage, halafu ilaze bapa juu ya taulo jingine kavu, uvute mikono na ubavu hadi vipimo vyake. Ukiitundika kwenye kamba ikiwa imelowa, uzito wa maji utairefusha hadi magotini. Na kama ni akriliki, pasi ya moto isiiguse kabisa, kwa sababu joto huulegeza uzi huo na haurudi tena.