Waya wa Hita Ukiungua, Anza na Kiungo

Wewe unayeanza kazi kwenye hita kubwa za umeme, za kumbini, za maghalani au za karakana, utakuta mafundi wanaofanya hivi: waya umeungua, wanasema mzigo umezidi, wanaweka waya mpya na kuondoka. Baada ya muda waya huo mpya unaungua palepale, kwa sababu chanzo hakikuguswa.

Kabla hujakata chochote, tazama ganda la waya. Likiwa jeusi na limekakamaa penye skrubu, kisha linazidi kuwa zima kadiri unavyokwenda mbali, joto limezaliwa kwenye kiungo, yaani pale waya unapokazwa. Likiwa limebadilika rangi urefu wote, hapo ndipo uulize kama waya ni mwembamba, kama nyaya zimesongamana kwenye bomba moja, au kama zinapita karibu mno na elementi, sehemu ya hita inayotoa joto. Piga picha, maana ukishakata, ushahidi umekwenda.

Wageni hunishangaa ninaposema breka haitakusaidia hapa. Fanya hesabu. Hita ya kilowati 18 kwenye fezi tatu za volti 400 inavuta kama ampia 26 kila fezi. Kiungo kikilegea na kupata ukinzani wa omu 0.05 tu, kinatoa joto la wati 34 hivi, na zote zinakaa kwenye nafasi ndogo kuliko kidole gumba. Wakati huohuo mkondo haujaongezeka hata kidogo; umepungua kwa chini ya asilimia 1. Breka inaona mkondo, haioni joto la kiungo cha mbali. Joto nalo linaoksidisha shaba, ukinzani unapanda, joto linaongezeka tena. Ndiyo maana hita, ambayo huvuta mzigo kamili kwa saa nyingi, hufichua uzembe wa kukaza ambao mashine ya kuwaka dakika chache ingeuvumilia.

Kupima: weka klampu mita, ile inayobana waya na kusoma mkondo, kwenye kila fezi. Elementi zikiwa sawa, mikondo itakaribiana sana. Fezi iliyo chini sana mara nyingi ina elementi iliyokatika. Mkondo ukiwa wa kawaida na waya bado unachemka, rudi kwenye viungo. Usitegemee omu za mita ya kawaida, kwa sababu ukinzani wa nyaya za mita yenyewe unaweza kuzidi ule unaoutafuta. Pima msongo wa umeme (volti) unaopotea kati ya waya na terminali anapokazwa, au kati ya kuingia na kutoka kwenye kontakta (swichi ya sumaku inayowasha hita), hita ikiwa imewaka. Kiungo kizuri kitaonyesha milivolti chache. Kile cha mfano wetu kitaonyesha volti 1.3. Kipimo hiki ni cha umeme hai: kifanywe na fundi aliyeidhinishwa, mwenye vifaa vya kujikinga. Ukiwa mgeni, simama pembeni usome namba.

Kipimajoto cha miale, kinachopima bila kugusa, nacho kinafaa, lakini chuma kinachong'aa hudanganya na kusoma baridi. Elekeza kwenye ganda la waya lililo jirani.

Kwenye ukarabati, zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli. Jaribu mita mahali penye umeme, pima unapofanyia kazi, kisha ijaribu tena penye umeme. Usikaze tu skrubu iliyokwisha kuungua. Ninalisisitiza hili kuliko yote. Kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, weka lagi mpya (kichwa cha chuma cha ncha ya waya) iliyobanwa kwa koleo lake, na ubadilishe terminali pia. Kontakta yenye ncha zilizoyeyuka haipigwi msasa, inabadilishwa. Waya wa nyuzi nyingi usiutie risasi ya kulehemu kabla ya kuukaza: risasi hutambaa chini ya mgandamizo na kiungo hulegea chenyewe. Kaza kwa bisibisi ya kipimo, kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji.

Karibu na elementi, waya wa kawaida wa PVC, unaovumilia nyuzi 70 za Selsiasi, haufai. Tumia wa silikoni, ambao wengi huvumilia 180.

Ukimaliza, washa hita kwa mzigo kamili, subiri kama saa moja, pima joto la kila kiungo na uandike kwenye daftari la mashine. Atakayefuata atalinganisha na namba zako.