Mbuzi wamekula mihogo, mshtakiwa katoka wapi?

SWALI: Mbuzi wangu waliingia shamba la jirani hapa Muheza, wakala mihogo. Nimepata hati ya wito ya Mahakama ya Mwanzo inayoniita "mdaiwa", na mimi sijamkopa mtu hata senti. Barazani wananiita "mshtakiwa". Lipi sahihi?

JIBU: Wewe ni mdaiwa, ndugu yangu, hati imepatia. Jirani anadai fidia ya mihogo yake: yeye mdai, wewe mdaiwa, nyote wawili wadaawa. Dai na daawa yote yametoka Kiarabu. Najua neno linachoma, maana mtaani tumezoea "wadaiwa sugu" wa bili za maji, lakini anayedaiwa si lazima awe amekopa.

Wanaonikera ni hao wa barazani. Mshtakiwa ni mtu aliyesomewa mashtaka ya jinai: kaiba, kapiga, katishia kuua. Huulizwa anakiri au anakana, na akitiwa hatiani anaweza kufungwa. Wewe utasomewa shtaka gani? Mbuzi amekata kamba usiku, amevuka boma, amekula majani ya mihogo hadi kwenye vikonyo. Hakimu atapima hasara, aseme ulipe au usilipe. Kwenye hukumu ya madai hakuna "kupatikana na hatia", na kila ninapoyasoma maneno hayo kwenye habari ya kesi ya deni au ya mpaka naliweka gazeti chini.

Silisamehe kosa hili kwa sababu nimeliona likimuumiza mtu. Mama mmoja wa Makorora, muuza mkaa, alidaiwa mahakamani kodi ya miezi miwili. Jirani akaeneza kwamba "ni mshtakiwa". Haikupita wiki, wenzake wa upatu wakamruka zamu yake, na watoto wakakatazwa kutumwa mkaa kwake. Hakuiba hata kipande. Alichelewa kodi.

Mtoto akisema "nitakushtaki kwa baba", mwacheni. Kulalamika ndiko maana ya asili ya neno hilo huko Kiarabuni, na nyumbani halimdhuru mtu. Mahakamani lina kazi yake. Na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, si za mwanzo peke yake, kwa hiyo mwandishi wa habari za kesi hana pa kujificha.

Nenda na hati yako. Karani akiita "mdaiwa", itika.