Kwa nini wakokotoe kitu ambacho hakijaonekana?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba kuna wanafizikia wanaotumia miaka kukokotoa jinsi chembe ya Higgs, ile inayohusishwa na uzito wa chembe nyingine, inavyovunjika ikatoa chembe iitwayo Upsiloni na fotoni (chembe ya mwanga), na CERN kwenyewe, maabara kubwa ya chembe huko Ulaya, tukio hilo halijawahi kuonekana. Kwa nini wasisubiri lionekane kwanza? – Rehema, Morogoro

JIBU: Marahaba, Rehema. Hesabu hii naipenda kuliko zote za Higgs, kwa hiyo univumilie.

Upsiloni ni kwaki ya botomu (kwaki ni chembe za msingi, za jamii ya zile zinazounda protoni) iliyofungamana na kinzani chake, yaani pacha wake mwenye chaji kinyume. Iligunduliwa katika maabara ya Fermilab, Marekani, mwaka 1977, na uzito wake ni kama wa protoni kumi. Higgs ina njia mbili za kuifikia. Ya kwanza: inavunjika ikawa kwaki hizo mbili, moja inatema fotoni, kisha zinashikana. Ya pili: inatoa fotoni mbili, moja ikageuka Upsiloni. Sasa, kwa kanuni za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa, njia ya kwanza inaipunguza ya pili, na hapa zinakaribia kulingana. Kinachobaki ni matukio machache tu kwa kila bilioni ya Higgs.

Nilipokuwa nafundisha, niliwaambia wanafunzi wampime kichanga kwa mizani ya watu wazima: mama na mtoto kilo 60.3, mama peke yake 57.1. Kosa la nusu kilo kwa mama si kitu. Kwa mtoto wa kilo 3.2 ni balaa. Njia zetu mbili ni kama vipimo hivyo viwili vikubwa, na kinachobaki ni mtoto. Ndiyo maana wakokotoaji hawaachi hata kitu kidogo: kwaki ndani ya Upsiloni hazijatulia, na mraba wa kasi yao ni kama sehemu moja ya kumi ya mraba wa kasi ya mwanga. Marekebisho hayo lazima yaingie.

Na kuna zawadi. Mwaka 2018 CERN walitangaza kwamba wameiona Higgs ikivunjika kuwa kwaki za botomu. Kipimo hicho kinatupa mraba wa nguvu inayoiunganisha Higgs na kwaki hizo, na mraba hausemi kama nguvu yenyewe ni chanya au hasi. Upsiloni inasema. Ishara ikiwa kinyume cha tunavyodhani, njia mbili zitajumlishwa, na matukio yatakuwa mengi kupita makadirio. Lakini utajuaje ni mengi kama makadirio yenyewe yanayumba?

Chukua kalamu. Badilisha 60.3 iwe 60.8, utoe tena 57.1, uniandikie uzito wa mtoto umepanda kwa asilimia ngapi.